Kuboresha Jiko la Nyumba Mpya kwa Gharama Ndogo: Mwongozo wa Kazi Unazoweza Kuzifanya Mwenyewe

Mtu anapohamia nyumba mpya, jiko ndilo linaloanza kumkera kabla ya vyumba vingine, kwa sababu sebuleni mtu huketi na chumbani hulala, lakini jikoni husimama akafanya kazi, na kila kasoro humgusa mkononi. Mlango wa kabati unaosuguana na mwenzake, taa iliyofungwa nyuma ya kichwa cha mpishi ikawa inamtupia kivuli chake mwenyewe juu ya ubao wa kukatia, bomba linalorusha maji pembeni: hayo ndiyo yanayolifanya jiko lionekane bovu, na karibu yote hutengenezeka bila kubomoa ukuta wala kununua makabati mapya. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeufuata mwenyewe kama ningekabidhiwa funguo leo. Unaanza na kurekebisha kilichopo, unakwenda kwenye mwanga na rangi, kisha ndipo unapofika kwenye mapambo ambayo watu wengi hukimbilia kuanza nayo.

Ikiwa nyumba ni ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya maandishi kwa kazi yoyote inayoacha tundu au kubadilisha rangi, na uhifadhi kila ulichokiondoa, pamoja na skrubu zake, ili siku ya kuhama uweze kukirudisha.

Hatua ya kwanza: Litumie jiko kabla ya kuligusa

Pika humo kwa wiki mbili au tatu bila kununua chochote. Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati moja na uandike kila kinachokukwamisha: umbali wa kubeba sufuria yenye maji kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko la kupikia, droo isiyofikika mlango wa jokofu ukiwa wazi, upande ambao mwanga haufiki. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua fedha zako ziende wapi, na mara nyingi itakushangaza, kwa kuwa kilichokuchukiza siku ya kwanza kwa macho huenda kisionekane humo hata mara moja.

Katika siku hizo hizo, chukua futikamba upime. Wataalamu wa upangaji wa jiko hutazama pembetatu inayounganisha sinki, jiko la kupikia na jokofu: kila upande wa pembetatu hiyo unafaa uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya pande zote tatu isizidi mita 8 hivi. Sinki huwezi kulihamisha kwa urahisi, lakini jokofu mara nyingi linahamishika, na kulisogeza kunaweza kukupa faida kubwa kuliko rangi yoyote. Pima pia kimo cha meza ya kazi. Meza nyingi huwa na sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, na kipimo kinachomfaa mtu ni kile kinachoacha sentimita 10 hadi 15 kati ya uso wa meza na kiwiko chake kilichokunjwa. Ikiwa meza ni fupi kwako, ubao mnene wa kukatia wenye miguu hutatua sehemu kubwa ya tatizo.

Usidharau vipimo kwa kuwa jiko lako ni dogo. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, lenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, na akaingiza humo meza chini ya dirisha, kiti cha kuketi wakati wa kukata mboga, na mahali maalumu pa kila chombo. Majiko mengi tunayoyaona leo yanafuata mawazo yake, ingawa wengi wanaoyatumia hawajapata kulisikia jina hilo.

Hatua ya pili: Rekebisha kilichopo

Anza na milango ya makabati, maana hapa hutalipa chochote zaidi ya muda wako. Makabati mengi ya kisasa hutumia bawaba zinazofichika ndani, zenye kikombe cha chuma cha kipenyo cha milimita 35 kilichozamishwa kwenye mlango. Ufungue mlango na uitazame bawaba kwa karibu: kwenye mkono wake utaona skrubu mbili zilizofuatana. Ile iliyo karibu na mlango huusogeza mlango kushoto au kulia, na ile ya nyuma hulegezwa ili mlango uingie ndani au utoke nje kidogo. Skrubu zinazolishika bati la bawaba kwenye ubavu wa kabati ndizo zinazoruhusu mlango kupanda au kushuka. Zungusha bisibisi robo mzunguko, ufunge mlango, urudi nyuma hatua mbili uutazame mwanya kati yake na mlango wa jirani, kisha urudie bawaba ya pili. Mwanya wa milimita mbili hadi tatu, ulio sawa kuanzia juu hadi chini, ndio unaotafutwa. Milango kumi iliyopangwa hivyo hubadilisha sura ya jiko kiasi kwamba wengine huahirisha mpango wa kupaka rangi.

Skrubu ikizunguka bila kukaza, tundu lake limekwisha kupanuka. Itoe, pakaza gundi ya mbao kwenye njiti mbili au tatu za kiberiti zilizokatwa vichwa, zishindilie tunduni, zikate zilingane na uso wa ubao, na uache gundi ikauke hadi kesho yake kabla ya kurudisha skrubu. Droo zinazokwama, zitoe kabisa na usafishe reli zake kwa brashi kavu, kwa sababu kinachozikwamisha mara nyingi ni mabaki ya chakula na nywele zilizojisokota kwenye magurudumu. Reli za mbao zisugue kwa kipande cha mshumaa.

Kisha nenda kwenye maji. Bomba linalotoa maji kidogo au linaloyarusha pembeni, mara nyingi lina chujio lililoziba mdomoni. Chujio hilo hufunguliwa kwa mkono, au kwa koleo lililozungushiwa kitambaa ili lisikwaruze, kisha hulowekwa kwenye siki kwa saa moja au zaidi hadi chokaa ilegee, na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Kama sinki linanuka, weka ndoo chini ya lile bomba lililopinda, ulifungue kwa mkono na ulisafishe. Mpindo ule umewekwa makusudi uhifadhi maji yanayozuia hewa ya mfereji wa taka isipande, kwa hiyo usiunyooshe wala kuuondoa, na baada ya kuufunga mwaga maji ili ujae tena.

Kubadilisha bomba zima ni kazi ya alasiri moja ikiwa vali za kufungia maji zipo chini ya sinki na zinafanya kazi. Zifunge, fungua bomba ili maji yaliyobaki yatoke, piga picha jinsi mipira ilivyounganishwa, kisha ndipo ulegeze nati. Pima tundu la sinki kabla ya kwenda dukani. Mabomba mengi ya mkono mmoja yametengenezwa kwa tundu la milimita 35. Utepe mweupe wa mafundi bomba huzungushwa kwenye uzi wa chuma, yaani ile michirizi inayozungushiwa nati, kwa mwelekeo wa saa, ukiitazama ncha ya bomba, lakini miunganisho iliyo na mpira wake wa kuzuia kuvuja haihitaji utepe huo. Kaza hadi ishike, halafu ongeza robo mzunguko tu, kwa sababu nati iliyokazwa kupita kiasi hupasua mpira. Ukishafungua maji, pitisha karatasi laini kavu kwenye kila kiungo: itaonyesha unyevu ambao jicho halijauona. Kama vali hazifungi sawasawa, simamisha kazi na umwite fundi bomba.

Hatua ya tatu: Weka mwanga mahali pa kazi

Ningelazimika kuchagua badiliko moja tu katika jiko lote, ningechagua taa chini ya makabati ya juu. Taa ya darini humwangaza mpishi mgongoni, na kivuli chake huangukia pale pale anapoweka kisu. Utepe wa taa za LED uliobandikwa chini ya kabati huiondoa kasoro hiyo kwa gharama ndogo, mradi uzingatie mambo machache.

La kwanza ni mahali pa kuubandika. Watu wengi huusukuma nyuma, ukutani, ili usionekane, na matokeo yake ni ukuta unaong'aa na meza yenye giza. Ubandike karibu na ukingo wa mbele wa kabati, nyuma kidogo ya kizingo chake, na mwanga utaanguka katikati ya meza. La pili ni rangi ya mwanga, ambayo huandikwa kwenye pakiti kwa vipimo vya Kelvin: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano wenye joto, na 4000 ni mweupe wa wastani unaofaa kazi za kukata na kusafisha. Tafuta pia kifupisho CRI, kinachoeleza kwa kiasi gani taa inaonyesha rangi halisi za vitu. Kiwango cha 90 na kuendelea kitakuwezesha kuona kama nyama imeiva au bado. La tatu ni umeme wenyewe. Tepe hizi hutumia volti 12 au 24 kupitia adapta, na adapta inapaswa kuwa na uwezo wa ziada wa asilimia 20 hivi: utepe wa mita 3 unaotumia wati 10 kwa mita unahitaji wati 30, kwa hiyo nunua adapta ya wati 36 au 40. Usiifungie adapta juu ya jiko la kupikia wala mahali pasipopata hewa.

Ikiwa uso wa meza unang'aa, utepe ulio wazi utaakisiwa kama mstari wa vidoti vya mwanga. Ingiza utepe kwenye mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe, ambao pia hupunguza joto na kurefusha maisha ya taa. Kazi yoyote inayohitaji kufungua soketi, kuvuta waya mpya ukutani au kugusa umeme wa nyumba mwachie fundi umeme aliyesajiliwa, na umwite sasa, kabla hujapaka rangi wala kubandika vigae.

Hatua ya nne: Paka makabati rangi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wanapoharibu. Rangi ya kabati haibanduki kwa sababu ni ya bei ndogo. Hubanduka kwa sababu imepakwa juu ya mafuta. Mvuke wa kupikia hubeba mafuta hadi kwenye milango ya juu kabisa, na utando wake hauonekani kwa macho.

Kwanza, tahadhari. Ikiwa nyumba ni mpya kwako lakini ilijengwa zamani, rangi iliyopo inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo katika nyumba za kuishi mwaka 1978, na zipo nchi ambazo sheria hiyo ilikuja miaka mingi baadaye. Kama una shaka, usiipige msasa ikiwa kavu hadi ipimwe, kwa sababu vumbi lake ndilo lenye madhara.

Fungua milango yote na uipe namba, ukiandika namba kwenye utepe wa karatasi ndani ya tundu la bawaba, mahali ambapo rangi haitafika. Skrubu za kila mlango zitie kwenye mfuko wenye namba hiyo hiyo. Osha milango kwa maji ya moto yenye sabuni ya kukata mafuta, rudia sehemu zilizo karibu na vishikio na juu ya jiko la kupikia, suuza kwa maji safi na uache ikauke kabisa. Kama unakusudia kuweka vishikio vyenye nafasi tofauti ya matundu, ziba matundu ya zamani kwa puti ya mbao sasa hivi, mara mbili, kwa kuwa puti hunywea ikikauka.

Kwa mbao halisi tumia msasa wa namba 120 au 150. Kwa milango iliyofunikwa tabaka la plastiki, tumia 180 hadi 220, na lengo lako liwe kuondoa mng'aro tu, bila kulitoboa tabaka lenyewe. Mahali ambapo tabaka limeanza kubanduka, libandike upya kwa gundi au ulitoe lote, kwa sababu hakuna rangi itakayoshika juu ya kitu ambacho chenyewe hakijashika. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Rangi ya msingi huchaguliwa kufuatana na kilicho chini yake: ile ya kushikamana kwa plastiki na nyuso laini, na ile ya kuzuia madoa kwa mbao ambazo utomvu wake hupenya na kuacha alama za kahawia juu ya rangi nyeupe. Kabla ya kuendelea na milango yote, fanya jaribio sehemu isiyoonekana. Paka, acha siku nzima, bandika utepe unaonata, uukandamize kwa ukucha na uuvute kwa ghafla. Rangi ikitoka na utepe, rudi kwenye kuosha na msasa.

Ilaze milango juu ya vipande vya mbao. Paka upande wa nyuma kwanza, kwa kuwa makosa ya mkono usiozoea hujitokeza mwanzoni. Anza na pembe na michirizi kwa brashi ndogo, kisha maeneo mapana kwa rola ya sponji ya sentimita 10, na usirudi kusugua mahali palipoanza kushika. Tabaka mbili nyembamba, zenye msasa mwepesi wa namba 240 kati yake, hudumu kuliko tabaka moja nene. Kuhusu aina, rangi ngumu ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya milango na makabati inatosha kwa jiko la kawaida na haina harufu kali. Ya mafuta ni ngumu na laini zaidi, lakini nyeupe yake hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa mahali pasipopata mwanga. Mng'aro wa wastani ndio ninaoupendekeza, kwa sababu rangi isiyong'aa hushika madoa na inayong'aa sana hutangaza kila bonde la msasa.

Rangi ya maji hukauka kwa saa chache, lakini kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Ugumu wake kamili huja baada ya wiki mbili hadi nne. Katika muda huo funga milango kwa upole, usiioshe kwa dawa kali, na usiegemeze mlango mmoja juu ya mwingine ukiwa umelala uso kwa uso, kwani itagandana.

Hatua ya tano: Meza ya kazi na ukuta ulio nyuma yake

Milango ikiwa inakauka chumba kingine, funika matundu ya makabati kwa plastiki, kwa sababu kazi hii ina vumbi. Meza ya mbao hurudi kuwa mpya kwa msasa wa 120, kisha 180, kisha 240, ukifuata nyuzi za mbao, na baada ya hapo tabaka kadhaa za mafuta salama kwa vyombo vya chakula, ukifuta ziada baada ya kila tabaka. Kama umetumia mafuta ya kitani, usivirundike vitambaa ulivyotumia wala kuvitupa kwenye pipa: mafuta hayo hutoa joto yakikauka, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au uviloweke kwenye maji. Meza ya marumaru haihitaji msasa wako, inahitaji tu uilinde dhidi ya siki na ndimu, ambazo asidi yake hula uso wake. Karatasi za plastiki za kubandika juu ya meza mbovu zinafaa kwa muda tu. Karibu na jiko la kupikia huvimba kwa joto na kwenye sinki huingiza maji chini yake.

Vigae vya ukutani ni kazi inayoogopwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa eneo ni dogo na mara nyingi halizidi sentimita 60 kwenda juu. Safisha ukuta, gonga kwa kifundo cha kidole na uondoe plasta inayolia kwa utupu. Vigae vya zamani vilivyoshika imara vinaweza kubandikwa vingine juu yake, mradi uvikwaruze na utumie gundi inayokubali uso laini, ila ujue kwamba ukuta utanenepa na soketi zitahitaji kusogezwa mbele na fundi umeme. Panga vigae mezani bila gundi kwanza. Anzia katikati ya ukuta, na ukiona kwamba pembeni kitabaki kipande chembamba kisichofika nusu ya kigae, sogeza mstari wa kuanzia kwa nusu kigae.

Acha mwanya wa milimita mbili hadi tatu kati ya meza na safu ya kwanza, kwa kutumia misalaba midogo ya plastiki au vipande vya kadibodi. Tandaza gundi kwa mwiko wenye meno, eneo dogo unaloweza kulimaliza kabla haijaanza kukauka, kandamiza kigae ukikizungusha kidogo, na uangalie kwa pima-maji kila safu. Baada ya saa 24, changanya groti, yaani unga wa kujazia mianya ya vigae, iwe nzito ya kutomwagika ukiinamisha mwiko, isukume kwenye mianya kwa mwiko wa mpira ukipita kimshazari ili usiichote tena, na baada ya dakika 15 hadi 20 futa kwa sponji yenye unyevu iliyokamuliwa vizuri. Ule mwanya wa chini uache wazi. Una kazi yake mwishoni.

Asiyetaka vigae vipya asugue groti ya zamani kwa magadi soda na brashi ngumu, kisha apitishe rangi ya groti. Vile vya plastiki vya kubandika viwekwe mbali na moto wa gesi.

Hatua ya sita: Rudisha milango na ufunge vishikio

Vishikio hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, na vipimo vya kawaida ni milimita 96, 128 na 160. Ukinunua vyenye kipimo kile kile cha zamani, hutatoboa chochote. Ukibadilisha, kata kadibodi ngumu yenye kingo mbili zinazokaa kwenye kona ya mlango, itoboe mara moja kwa usahihi, na uitumie kwa milango yote. Milango ya chini hushikwa kwenye kona ya juu, na ya juu kwenye kona ya chini. Toboa kutoka mbele kwa keekee ya milimita 5, huku kipande cha ubao kikiwa kimebanwa nyuma ya mlango kwa nguvu, kwa sababu bila hicho ncha ikitokeza hupasua rangi uliyoihangaikia.

Hatua ya saba: Ongeza nafasi bila kuongeza makabati

Tazama kwanza nafasi iliyopotea ndani. Kabati lenye rafu moja mara nyingi lina nusu ya kimo chake tupu, na ubao mmoja juu ya vishikizi vinne huigeuza kuwa rafu mbili. Reli ya chuma ukutani huondoa miiko na vifuniko kwenye droo. Juu ya sinki, rafu ya waya isiyo na sakafu huruhusu vyombo kudondoshea maji moja kwa moja sinkini vikiwa mahali pake pa kudumu. Mtaalamu wa kazi za nyumbani Maiju Gebhard aliliendeleza kabati la namna hiyo nchini Ufini katika miaka ya 1940, na linaendelea kutumika huko hadi leo.

Rafu za wazi ni nzuri katika picha. Karibu na jiko la kupikia hukusanya mafuta na vumbi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ziweke upande wa mbali, kwa vyombo vinavyotumika kila siku. Kwenye ukuta wa matofali, tumia keekee ya ukutani na fisha za plastiki (vipande vinavyoingizwa tunduni ili skrubu ishike) zenye kipenyo sawa na tundu, na hakikisha skrubu inavuka plasta na kushika tofali. Ukuta wa ubao wa jasi unataka skrubu zishike nguzo zilizo nyuma yake, au fisha zilizotengenezwa kwa jasi. Usitoboe kamwe juu au chini ya soketi, swichi au bomba kwa mstari wa wima, maana waya na mabomba hupita huko.

Hatua ya nane: Ziba viungo kwa silikoni

Sasa rudi kwenye ule mwanya kati ya meza na ukuta. Haujazwi groti, kwa sababu meza na ukuta hutanuka na kusinyaa kila kimoja kwa kiasi chake, na groti ngumu ingepasuka na kuingiza maji. Kama kuna silikoni ya zamani, itoe yote kwa kisu butu. Mpya haishiki juu ya ya zamani. Futa kwa spiriti na uache pakauke.

Bandika utepe wa karatasi juu na chini ya mwanya, ukiacha nafasi sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kata mdomo wa bomba la silikoni kwa mshazari wa nyuzi 45, uwe na tundu dogo kuliko unavyodhani linahitajika, kisha bonyeza na uende kwa mwendo mmoja usiosita. Lowesha kidole kwa maji yenye sabuni na ukipitishe mara moja juu ya mstari wote. Ng'oa tepe silikoni ikiwa bado mbichi, ukizivuta kwa mshazari kutoka kwenye kiungo. Fanya vivyo hivyo kuzunguka sinki, na uchague silikoni iliyoandikwa kuwa inazuia kuvu.

Usilitumie sinki kwa saa 24, au kwa muda ulioandikwa kwenye bomba la silikoni ikiwa ni mrefu zaidi. Muda huo ukifika, bonyeza kidogo kwa ncha ya kidole mahali mstari ulipo mnene, ambapo kwa kawaida ni kwenye kona. Ikiwa bado inabonyea, iongezee siku moja kabla ya kufungua bomba la maji.